Barabara ya Iten Hadi Cheploch Inahitaji Njia ya Baiskeli Upande wa Kupanda

Sisi tunaoendesha baiskeli za barabarani huku magharibi mwa Kenya hubishana sana kuhusu njia iliyo bora kuliko zote, na wako wanaoapa kwa vilima vya Nandi, wengine kwa barabara za Kakamega zinazopita kando ya msitu. Kwa upande wangu sioni mshindani wa barabara inayoshuka kutoka Iten, ikapita Kessup na Tambach hadi Biretwo, kisha ikavuka Mto Kerio kwenye Korongo la Cheploch kabla ya kuanza kupanda tena kuelekea Kabarnet. Hata hivyo, uzuri huo unamfikia mwendesha baiskeli kwa hatari ambayo ingeweza kupunguzwa, na ninaamini kwa dhati kwamba wakati umefika wa kutenga ukanda wa lami kwa ajili ya baiskeli upande wa magari yanayopanda.

Iten iko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na sakafu ya Bonde la Kerio iko chini yake kwa zaidi ya mita 1,000. Sehemu ya juu ya ukuta wa Elgeyo, yaani mteremko mkali ambao barabara hii inaushuka, ni mwamba mgumu uliotokana na lava iliyotiririka mamilioni ya miaka iliyopita, ikafunika miamba mingine ya kale zaidi. Vijito vinavyotoka kwenye uwanda wa juu hufika ukingoni mwa mwamba huo na kukosa pengine pa kupita ila kuanguka. Ndiyo maana ukuta huu una maporomoko ya maji, likiwemo lile la Torok karibu na Iten, ambalo baada ya mvua kubwa huonekana kama mstari mweupe unaoning'inia juu ya msitu. Maji hayo huishia katika Mto Kerio, unaoelekea kaskazini hadi Ziwa Turkana. Pale Cheploch mto huo umejichimbia njia nyembamba na yenye kina kati ya kuta za mawe, na vijana wa hapo hujirusha kutoka juu ya miamba hadi majini, huku wasafiri waliosimama darajani wakishikilia vyuma na kutazama bila kupumua.

Mtu anaweza kuyaona haya yote kutoka dirishani mwa matatu, lakini atakuwa ameyapita tu. Baiskeli humfanya msafiri ahisi bonde kwa ngozi yake: baridi ya Iten alfajiri inayohitaji jaketi na glavu, vuguvugu linaloanza karibu na Tambach, na hatimaye joto kavu la Biretwo, mahali ambapo migunga na miembe huchukua nafasi ya misonobari na mashamba ya viazi. Ningependa pia kusema jambo ambalo wenzangu wengi hawalikubali, kwamba anayeshuka tu hajaiona barabara hii. Anayeshuka macho yake yako kwenye kona inayofuata, mikono yake iko kwenye breki, na akili yake yote inahesabu changarawe zilizotapakaa lamini. Anayepanda ndiye anayeyasikia maji kabla ya kuyaona na kugundua kwamba mwamba hubadilika rangi kadiri anavyokaribia juu.

Kwa wanaotaka kujaribu, waanze kushuka mapema asubuhi, wasishikilie breki mfululizo kwa sababu rimu hupata joto na tairi linaweza kupasuka, na wahakikishe kwamba baiskeli ina gia nyepesi za kutosha kuwarudisha juu. Maji yabebwe mengi kuliko inavyodhaniwa kuwa yanatosha, na maembe ya bondeni yanunuliwe bila kusita.

Katika kupanda, hata mwendeshaji mwenye mazoezi hushuka hadi mwendo wa kilomita nane au tisa kwa saa kwenye miinuko mikali, na katika mwendo huo baiskeli haiwezi kwenda moja kwa moja; huyumba kidogo kushoto na kulia kila pedali inapokanyagwa. Nyuma yake huja lori lililobeba mzigo, likinguruma kwa gia ya chini, na dereva wake naye hataki kusimama kwa kuwa kuondoka tena mlimani ni kazi. Dereva anapochoka kusubiri hulazimika kuchagua kati ya kumbana mwendeshaji ukingoni na kuhamia upande wa pili wa kona asiyoona mwisho wake. Anayeshuka hayuko katika hali hiyo, kwa sababu mwendo wake unakaribiana na wa magari na anaweza kutumia barabara pamoja nayo. Kwa hiyo hakuna haja ya kupanua barabara pande zote mbili. Ukanda wa mita moja na nusu, upande wa kupanda pekee, ungewatenganisha wawili hawa ambao hakuna hata mmoja wao mwenye nia mbaya.

Nasisitiza kwamba siwatetei wageni wenye baiskeli ghali peke yao. Wanaoitumia barabara hii kila siku ni wakazi: wanaosukuma baiskeli nzito zenye magunia, wanafunzi wanaotembea kwenda na kurudi, wachungaji na mbuzi wao. Hao ndio wanaorukia mtaroni lori linapopiga honi, na ukanda huo ungekuwa wao kabla ya kuwa wangu.

Iten inajulikana duniani kote kwa wakimbiaji wake, na tao lililo mlangoni mwa mji linatangaza kwamba hapa ni nyumbani kwa mabingwa. Milima hiyohiyo imelea waendesha baiskeli pia. Marehemu Suleiman Kangangi, aliyemaliza wa tatu katika Tour du Rwanda ya mwaka 2017 na kufariki Agosti 2022 akishindana huko Vermont, Marekani, alikuwa nahodha wa timu yenye makao Iten. Rwanda nayo ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani mjini Kigali Septemba 2025, ya kwanza kufanyika barani Afrika, vilima vyake ndivyo vilivyokuwa fahari yake. Sisi tuna mlima mrefu kuliko vile, nao hauna hata mstari mweupe uliochorwa kwa ajili ya baiskeli.

Najua jibu litakalotolewa: ukuta ni mkali, mwamba ni mgumu, na kuuchonga ni gharama. Ni kweli kwa baadhi ya kona, na pale hakuna anayedai muujiza. Lakini kazi inaweza kugawanywa, kila kipande kifanywe lami inapofanyiwa ukarabati. Ianzie Biretwo hadi Tambach, ambako mpando ni mrefu na joto humchosha mtu haraka, na yaongezwe maegesho madogo mahali maporomoko yanapoonekana, ili magari yasisimame kwenye kona. Kipande cha Kessup hadi Iten kinaweza kusubiri.