Mtoto Mwenye Arosto, Huku na Kwetu

Sisi tuliokulia Tanga tunalijua neno arosto, yaani mateso ya aliyezoea dawa za kulevya anapozikosa, kwa kuwa tumewaona vijana wa mtaani wakijikunyata barazani, makamasi yakiwatoka, wakiisubiri kete. Sikudhani ningelikumbuka neno hilo nikiwa nimempakata mtoto wa siku mbili hapa kaskazini-magharibi mwa Ontario, Kanada, ninakofanya kazi ya uuguzi. Mtoto wa namna hiyo, aliyezizoea dawa tumboni mwa mama yake na kuzikosa alipozaliwa, hulia kwa sauti nyembamba isiyokatika, hutetemeka, hupiga chafya mfululizo, na hulitafuta titi kwa pupa kisha akashindwa kunyonya.

Mama zao wengi hutoka katika vijiji vya wenyeji asilia visivyo na barabara, isipokuwa ile ya barafu wakati wa baridi. Vidonge vikali vya maumivu vya jamii moja na heroini, hasa OxyContin, vilienea huko hata mwaka 2009 viongozi wa Nishnawbe Aski, umoja wa jamii za wenyeji hao, wakatangaza hali ya dharura. Katika hospitali ya Sioux Lookout, kiwango cha wajawazito waliotumia dawa za aina hiyo kilipanda kutoka asilimia 8.4 mwanzoni mwa mwaka huo hadi 17.2 katikati ya 2010.

Ninachokisifu huku ni kwamba mtoto huyu anajulikana na anahesabiwa. Kwetu kilio hicho kingeitwa mchango wa tumbo, au kijicho, mtoto akafungwa hirizi, na mama, kwa kuogopa kusemwa kliniki, asingefumbua mdomo. Methadoni, dawa anayopewa mtumiaji wa heroini badala ya unga, ipo Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, tangu 2011, lakini mwanamke anayejificha haifuati, wala hapati wa kumwambia kwamba kuacha unga ghafla kunaweza kuiharibu mimba.

Hata hivyo mama wa huku naye hunyamaza, na sababu yake ni nzito kuliko aibu. Hadi Oktoba 2020, maofisa wa ustawi wa watoto Ontario waliweza kuitahadharisha hospitali juu ya mama kabla hajajifungua, na mara nyingi mtoto alichukuliwa. Walioangukiwa zaidi ni wanawake wenyeji, ambao wengi wao wazazi wao nao walichukuliwa wakiwa wadogo na kupelekwa shule za bweni zilizokusudiwa kuwaachisha lugha na mila zao. Nani angejitaja mwenyewe? Na mtoto anayelazwa kifuani kwa mama yake, katika chumba chenye utulivu na mwanga hafifu, mara nyingi huhitaji matone machache ya mofini, au hahitaji kabisa. Kwa hiyo kumtenga naye ni kumnyang'anya dawa.

Nilipomsimulia mama yangu kwa simu, hakuuliza habari za vidonge. Aliuliza, "Bibi yake yuko wapi?" Nikamweleza kwamba wajawazito hupandishwa ndege wiki kadhaa kabla ya kujifungua, na kwamba ni mwaka 2017 tu serikali kuu ilipokubali kumlipia kila mmoja wao msindikizaji.

"Mmoja?" akauliza mama, ambaye nilipojifungua Ngamiani, Tanga, alikuja kunikanda pamoja na shangazi zangu wawili na somo yangu.