Barua iliyogeuka waraka

Jirani yangu mmoja hapa Mkunazini, Unguja, maalim wa madrasa na mtu wa heshima zake, aliniuliza juzi tukiwa barazani na kahawa: "Mwanangu, Qur'ani naijua ni nini, na habari za Injili ya Nabii Isa nazijua. Lakini hizi barua za Paulo, zenye salamu za fulani na fulani, zimekuwaje neno la Mungu?" Nikamjibu harakaharaka, jibu la kujinasua tu. Alipoondoka nikabaki na swali lake, na mpaka leo ninalo.

Si lake peke yake. Wakristo wenyewe hatujawahi kulimaliza, na ukitaka ushahidi njoo kanisani Jumapili. Waraka, yaani barua ya mtume kama hizo za Paulo, unaposomwa tumekaa. Ikija Injili tunasimama. Lakini msomaji wa Waraka naye akimaliza anasema "Neno la Bwana", nasi tunaitikia. Miili yetu imepanga daraja mbili, midomo yetu imekiri moja.

Wanaosema nyaraka ni Maandiko sawasawa na Injili wana hoja nzito. Waraka wa pili wa Petro, sura ya 3, unazitaja nyaraka za Paulo pamoja na "maandiko mengine". Paulo mwenyewe anawaambia Wakorintho kwamba anayowaandikia ni maagizo ya Bwana. Hoja yao kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya tarehe. Waraka wa kwanza kwa Wathesalonike uliandikwa karibu na mwaka 50, na Injili ya Marko, ambayo wataalamu wengi wanaiona ndiyo ya kwanza, ilikuja miaka 20 hivi baadaye. Maneno ya padri juu ya mkate na kikombe yapo katika Injili, lakini maandishi ya zamani zaidi tuliyonayo ya maneno hayo yamo katika 1 Wakorintho 11. Anayesema "mimi Injili inanitosha, barua mniondolee" ajue anakata tawi alilokalia.

Upande wa pili nao hauwezi kupuuzwa, kwa sababu shahidi wao ni Paulo huyohuyo. Kuhusu ndoa, katika 1 Wakorintho, anasema jambo moja ni amri ya Bwana, na jingine "nawaambia mimi, wala si Bwana". Kuhusu wanawali anakiri hana amri, anatoa shauri lake. Mwanzoni mwa barua hiyohiyo anasema hakumbuki kama alimbatiza mtu mwingine zaidi ya wachache aliowataja. Mtu anayesahau na kusema amesahau! Ongeza na haya: barua 13 zina jina lake, lakini ni saba tu ambazo wataalamu hawabishani kwamba ni zake, Waebrania haina jina la mwandishi kabisa, na orodha kamili ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tunavyovijua leo tunaiona kwanza mwaka 367, katika barua (naam, barua tena) ya Askofu Athanasius wa Alexandria.

Hapo katikati, Kiswahili chetu kimetutegea mtego. Mwalimu mkuu wa skuli akipokea waraka kutoka wizarani haulizi aliyeuandika alikuwa na hali gani. Anautekeleza, mpaka utoke mwingine wa kuufuta. Barua ya mtu huisomi hivyo: unatazama imetoka wapi, inamjibu nani, mwandishi alikuwa akilia au akicheka. Biblia yetu imeweka "Waraka" kwenye vichwa, lakini Paulo akiwaambia Wakorintho wao ni nini kwake, neno ni "barua": "Ninyi ndinyi barua yetu." Naona ugomvi wetu mwingi unaanzia hapa. Tunaisoma barua kama tangazo la ofisi, kisha tunashangaa matangazo yanapogongana.

Mahali pa kulipima jambo hili ni hapahapa nilipo. Kanisa kuu la Mkunazini limejengwa palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Mbele ya altare kuna duara la marumaru. Inasimuliwa ndipo uliposimama mti wa kuchapia. Askofu Edward Steere, aliyelijenga, ndiye pia aliyetoa Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja mwaka 1879, na miongoni mwa wasomaji wake wa mwanzo walikuwemo watumwa walioachwa huru, wa Mbweni na Kiungani. Simama pale penye duara usome Waefeso 6:5: "Enyi watumwa, watiini wao ambao ni bwana zenu kwa jinsi ya mwili, kwa hofu na kutetemeka." Kama huo ni waraka wa kutekelezwa, basi anayeshika mjeledi ana hati mkononi. Ng'ambo ya Atlantiki, mabwana wa watumwa Marekani waliusoma hivyo.

Kisha fungua barua kwa Filemoni. Aya 25 tu. Paulo yuko kifungoni, anamrudisha mtumwa Onesimo kwa bwana wake, Filemoni. Anasema angeweza kuagiza, lakini anachagua kusihi. Anataka apokewe "si kama mtumwa, bali zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa". Kuhusu deni lolote la Onesimo anashika kalamu mwenyewe: "Mimi Paulo nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, mimi nitalipa." Hakusema utumwa ukome, na hilo linaniuma, sitaki kulificha. Lakini mamlaka ya barua hii nayaona palepale anapoacha kuamuru. Inamkamata Filemoni kwa dhamiri yake, mbele ya kanisa lililo nyumbani kwake, maana salamu za mwanzo zinalitaja nalo. Kwa hiyo nasimama na wanaoziita Maandiko, ila nakataa kuzisoma kama amri zisizo na anwani. Anwani ni sehemu ya Maandiko yenyewe.

Ndiyo maana sipendi tunavyozikata. Katika Misa ya Dominika ya Kikatoliki, kama kule kanisa la Minara Miwili, Filemoni husomwa mara moja katika miaka mitatu, Dominika ya 23 ya Mwaka C wa mzunguko wa masomo: aya ya 9 na 10, kisha 12 mpaka 17. Salamu hazimo. Deni halimo. Ahadi ya kulipa haimo.

Maalim nimemwahidi nitampelekea Filemoni nzima, aisome mwenyewe kuanzia salamu ya kwanza mpaka pale karibu na mwisho Paulo anapoomba awekewe tayari mahali pa kukaa, maana anatumaini kuja.