Mnyororo Usiolala Sakafuni Hauna Kazi

Mnyororo unaoning'inia kwenye chuma cha kunyanyulia uzito bila kugusa sakafu ni uzito wa kawaida unaobembea. Hili ndilo kosa linalorudiwa zaidi jimu: mtu anachukua mnyororo wa mita moja na nusu, anautundika katikati kwenye ncha ya chuma, anapiga skwoti (kuchuchumaa na kusimama na chuma begani), na akiwa chini kabisa pete zote bado ziko hewani. Ameongeza kilo, basi. Angeweka sahani, vile vyuma vya duara vya uzito, ingekuwa salama zaidi.

Faida ya mnyororo ni uzito unaobadilika njiani. Kwenye skwoti na benchi (kusukuma chuma ukiwa umelala chali) mwili una nguvu kidogo chini na nguvu nyingi karibu na kunyoosha viungo. Kwa sahani peke yake, ukishavuka pale chuma kinapokwama, juu kunakuwa kwepesi na wengi hulegeza. Mnyororo ukirundikana sakafuni wakati unashuka, mzigo unapungua pale ulipo dhaifu; ukipanda, pete zinanyanyuka moja baada ya nyingine na unalazimika kusukuma hadi mwisho.

Kwa hiyo usiulize mnyororo una kilo ngapi. Uliza kilo ngapi zinashuka sakafuni katika mwendo wako. Mnyororo wa unene wa milimita 16 una takriban kilo 5.7 kwa mita, wa 13 kama kilo 3.8, wa 10 kama kilo 2.2. Skwoti ya mtu wa kimo cha kati husogeza chuma karibu sentimita 60. Ukining'iniza uzi mmoja wa milimita 10, yaani mnyororo usiokunjwa, tofauti ya juu na chini ni kilo 1.3 kila upande, na hiyo huwezi hata kuihisi. Wa milimita 16 ukikunjwa mara mbili unatoa karibu kilo 7 kila upande. Hapo ndipo kazi inaanza.

Ufungaji unahitaji mnyororo mwembamba wa kuning'inizia, milimita 6 unatosha, na karabina, yaani pete ya chuma inayofunguka, yenye kufunga kwa skrubu. Tengeneza kitanzi kwenye ncha ya chuma, nje ya sahani, kisha weka klipu nje yake. Mnyororo mzito unashikwa katikati na karabina, hivyo nyuzi mbili za sentimita 75 zinashuka. Sasa chukua futi. Simama wima na chuma begani. Tuseme kiko sentimita 140 kutoka chini. Karabina ikae sentimita 70 juu ya sakafu, ili sentimita 5 za kila uzi ziwe zimelala hata ukiwa umesimama. Pete hizo chache za chini ndizo zinazozuia kubembea. Chuma kikishuka hadi sentimita 80, hewani zinabaki sentimita 10 tu za kila uzi.

Benchi ina mwendo mfupi, kama sentimita 40, kwa hiyo ukunje mara tatu. Pitisha karabina kwenye pete ya mwisho ya ncha moja, na pia kwenye pete iliyo sentimita 50 kutoka ncha nyingine. Unapata nyuzi tatu za sentimita 50. Rekebisha mnyororo mwembamba upya. Vipimo vya skwoti havifai hapa. Dedilifti, yaani kuinua chuma kutoka sakafuni, haihitaji mnyororo mwembamba, lakini angalia pete zisiingie chini ya sahani unaposhusha, maana chuma kitainama upande mmoja na mgongo utalipia.

Pima kila upande kwenye mzani kabla ya kufunga. Minyororo miwili iliyokatwa dukani kwa urefu sawa inaweza kupishana uzito. Minyororo mipya huja na grisi, ioshe kwa mafuta ya taa.

Katika daftari andika namba mbili. Chuma na sahani za kilo 100 pamoja na mpangilio ule wa skwoti ni karibu 103 chini na 117 juu. Anayeandika 100 anajidanganya, na anayeandika 117 pia.

Je, kila mtu anahitaji minyororo? Hapana, na hapa natofautiana na wengi wanaoipigia debe. Aliyeieneza zaidi ni kocha Louie Simmons wa jimu ya Westside Barbell, Columbus, Ohio, Marekani, aliyefariki 2022. Wanyanyuaji wake wengi walivaa fulana ngumu za benchi na suti za skwoti, na nguo hizo husaidia sana chini, kisha msaada unaisha juu. Kwao mzigo wa ziada juu ulikuwa dawa halisi. Wewe unayenyanyua bila nguo hizo na chuma kinakufia kifuani, mnyororo unakupunguzia mzigo palepale unaposhindwa. Tafiti zilizolinganisha minyororo na uzito wa kawaida nazo hazijakubaliana.

Ukikwama juu, au ukitaka kujifunza kusukuma kwa kasi, fanya seti 8 za marudio 3 kwa asilimia 50 hadi 60 ya uzito mkubwa zaidi unaoweza kunyanyua mara moja, minyororo ikiwa asilimia 10 hadi 15 ya mzigo wote chuma kikiwa juu. Ukikwama kifuani, iache ukutani, shusha chuma, kitulize sekunde mbili juu ya kifua, kisha sukuma.