Milioni moja ya wawili Dar: inatosha, ila inategemea inaingiaje

Wapo wanaoshikilia kwamba mke na mume wasio na mtoto wakiingiza shilingi milioni moja kwa mwezi Dar es Salaam, wanaishi vizuri tu. Wengine huwacheka: milioni ya Dar inaishia kwa mwenye nyumba. Kwanza tujue ni milioni ipi.

Mshahara wa milioni wa mtu mmoja haufiki nyumbani mzima. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua 100,000, kodi ya mapato 103,000, zinabaki 797,000. Kama alisomea mkopo wa elimu ya juu, inakatwa asilimia 15 nyingine ya mshahara mzima. Anaondoka na 647,000. Sasa waajiriwe wote, kila mmoja kwa 500,000. Kodi hukatwa kwa kila mtu peke yake, na 270,000 za mwanzo hazitozwi. Kama hawana mkopo, wanafikisha nyumbani 871,200.

Wanaosema inatosha wana hoja. Hakuna ada, hakuna maziwa ya kopo, hakuna dada wa kazi. Chumba na sebule Tabata kinawatosha, na siku wakichoka wananunua chipsi mayai, wanalala.

Matumizi ya kila siku hayawashindi. Kinachowabana ni pango. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, kwa hiyo chumba cha 200,000 kinadai 1,200,000 siku moja. Asiye na mchezo (upatu) wa kupokea mwezi huo hukimbilia Chanika, pembezoni mwa jiji, halafu nafuu aliyoipata anaimalizia kwenye bodaboda na daladala mbili, tena akitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri.

Na kutokuwa na mtoto hakuondoi wategemezi. Ukoo unawaona hawana mzigo, basi ada ya mdogo wao na dawa za presha za mama zinaanzia kwao. Michango ya harusi ndiyo usiseme: wakitaka kuingia ukumbini wote wawili, wanalipia kadi ya dabo.

Kwangu mimi, pango likizidi robo ya pesa inayofika mkononi, hapo hakuna kuishi vizuri. Wenye 871,200 wanalibeba lile la 200,000. Mwenye 647,000 linamla karibu theluthi. Huyo, akitaka kulingana na wale wawili huku mkopo wake bado unakatwa, atafute mshahara wa karibu 1,450,000, au mwenzake afungue genge la mbogamboga.