Majani yanayozuia virusi: shambani sawa, kikombeni hapana

Wapo wanaosema majani ya mimea fulani yana kinga dhidi ya virusi: wengine huyataka shambani, wengine huyachemsha wanywe au wajifukize. Mwaka 1925 watafiti wawili wa Marekani, Duggar na Armstrong, waliripoti kwamba utomvu wa pokeweed, mmea wa Marekani, huzuia virusi vya batobato ya tumbaku visiambukize jani. Baadaye ikajulikana kuwa kazi hiyo hufanywa na protini, ikapewa jina PAP, kifupi cha Kiingereza cha "protini ya pokeweed ya kuzuia virusi". Ndugu wa mmea huo hapa Afrika, unaoitwa endod kule Ethiopia, una protini ya jamii hiyo, dodekandrini.

Kwa hiyo wanaosema majani yana kinga dhidi ya virusi hawajadanganya. Utata uko kwenye utendaji wake, maana PAP haikitafuti kirusi. Inang'oa adenini moja, kijisehemu kidogo, kwenye ribosomu, kiwanda cha seli cha kutengenezea protini, na uzalishaji unasimama. Kirusi, ambacho hakina kiwanda chake, kinakwama. Seli nayo inakufa. Risini, ile sumu kali ya mbegu za mbarika, hung'oa adenini hiyohiyo. Mmea wenyewe huiweka PAP kwenye ukuta wa seli, mbali na ribosomu zake. Na bado pokeweed ina kirusi chake cha batobato kinachoishambulia!

Mwaka 1993 tumbaku na viazi vilivyopandikizwa jeni ya PAP vilistahimili virusi kadhaa, ila mimea iliyotengeneza PAP kwa wingi ilidumaa. Mwaka 1997 watafiti wakakata kipande cha mwisho cha protini hiyo, na tumbaku ikaendelea kujikinga bila kudhurika. Hapo wanaoitetea wana hoja nzito. Kwa mihogo yetu nisingeharakisha: mbegu yake ni kipande cha shina, na kikishabeba kirusi, kunyunyizia majani yake utomvu huo ni kuchelewa. Kinga hii hufaa ikitangulia.

Wa kuchemsha majani na kujifukiza ndio nisioafikiana nao hata kidogo. Protini haipandi na mvuke. Ikichemka inaharibika kama ute wa yai, na ikifika tumboni mbichi inameng'enywa. Waliotaka kuitumia PAP dhidi ya VVU iliwabidi waiunganishe na kingamwili ya kuielekeza kwenye seli zinazolengwa. Sumu nyingine za jani la pokeweed, zikiwemo saponini (kemikali zinazotoa povu kama sabuni), hazihitaji msaada huo ili zidhuru. Wamarekani wa kusini wanaokula pokeweed kama mboga huchuma majani machanga, huyachemsha, humwaga maji, kisha huyachemsha tena. Maji hayo wanayomwaga ndiyo mnywa dawa anayoyatia kikombeni.