Zimeni Taa, Kambale Ni Samaki wa Usiku

Ule ushauri wa "acha taa iwake usiku kucha, vifaranga wale zaidi" umerudi kwenye makundi ya wafugaji, na safari hii wanaoambiwa ni watu wa kambale. Kambale! Samaki anayetafuta chakula gizani kwa sharubu zake. Inauma, kwa sababu anayeufuata hulipa umeme ili aharibu vifaranga wake mwenyewe.

Wafugaji wa samoni kule Norwe huwasha taa juu ya vizimba majira ya baridi ili samaki wasipevuke mapema. Sawa, lakini huyo ni samoni.

Giza likiingia, tezi ya pineali, iliyo ubongoni, hutoa melatonini. Homoni hiyo haifanyi kazi mpaka inaswe na vipokezi vilivyo juu ya seli za ubongo, macho na kwingineko. Ikinaswa, kiasi cha cAMP, kemikali inayopitisha ujumbe ndani ya seli, hushuka, na mwili unajua ni usiku. Kwenye ubongo wa samaki wa dhahabu, hata wingi wa vipokezi hivyo hubadilika kati ya mchana na usiku. Taa ya usiku kucha huizuia melatonini isipande, na vipokezi havipati habari yoyote.

Matokeo yanaonekana tangini: vifaranga wa kambale wakiwa kwenye mwanga hawatulii, hung'atana, na wakubwa huwameza wadogo. Gizani hutulia na hukua vizuri zaidi.

Kwa shingo upande nakubali kwamba perege wazazi wamewahi kutaga vizuri zaidi kwa mwanga wa saa 18. Saa sita za giza bado walipewa.

Kwenye maji ya nyuzi 28, kiini cha yai, akiba ya chakula anayoanguliwa nayo kifaranga, huisha kama siku ya tatu baada ya kuanguliwa. Kuanzia hapo funika tangi kwa turubai jeusi, ukiacha nafasi ya hewa. Pampu ya hewa isizimwe, maana kiungo cha kuvutia hewa ya juu bado hakijakomaa. Lisha kidogo kidogo mara nyingi, na mlo mzito uwe baada ya saa moja jioni. Gizani hutaona mabaki, na mabaki huzaa amonia. Yanyonye kwa mpira kila asubuhi kabla ya kulisha. Kutenganisha kwa ukubwa kuendelee kila wiki, kwani giza peke yake halimalizi kulana. Ukikagua usiku, tumia tochi hafifu na umulike ukutani, usiwamulike samaki.