Nyumba ikiuzwa, mkataba usife

Naandika kutoka Hamburg, ila jambo lenyewe ni la Ngamiani. Kwetu Tanga nyumba moja ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati, hukaliwa na familia kadhaa za wapangaji wanaochangia uani na bomba. Mwenye nyumba akifariki, warithi wametawanyika, na vyumba sita havigawanyiki kwa watu tisa. Inauzwa. Wapangaji hupata habari pale dalali anapoanza kupitisha wateja ukumbini.

Hivyo ndivyo ilivyomkuta dada yangu. Alikuwa amelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kama tunavyodaiwa wengi, na miwili tu ndiyo iliyokuwa imepita. Mnunuzi akaja na hati ya mauziano, akataka vyumba viwe vitupu mwisho wa mwezi ili abomoe ajenge fremu za maduka. Dada akauliza kuhusu kodi yake. Mnunuzi akamwambia amdai aliyempa. Msimamizi wa mirathi akasema fedha zimeshagawanywa. Akahamia Mikanjuni, akalipa miezi sita upya, juu yake mwezi wa dalali na gari la kubeba vyombo. Fundi cherehani ana akiba gani ya kulipia chumba mara mbili?

Huku jengo ninalokaa nalo liliuzwa. Nililetewa barua tu: mwenye nyumba sasa ni fulani, kodi iingie akaunti hii. Mkataba ule ule, kodi ile ile. Kifungu cha 566 cha sheria ya madai ya Ujerumani kinasema mnunuzi anaingia katika nafasi ya muuzaji, na haki zote za mpangaji zinabaki. Hata amana, ambayo haitakiwi kuzidi kodi ya miezi mitatu, anadaiwa yeye. Akitaka kukutoa lazima aandike sababu inayokubalika kisheria, na notisi ni miezi mitatu. Ukiwa umekaa zaidi ya miaka mitano ni sita, zaidi ya minane ni tisa.

Sisemi huku ni peponi. Mnunuzi akihitaji nyumba akae mwenyewe au mwanawe, hiyo ni sababu halali, na wapo wazee wanaokosa usingizi kwa hofu hiyo. Kupata nyumba nyingine mjini ni kazi ya miezi. Na hakuna mwenye nyumba wa hapa atakayekwambia, "Mwanangu, lipa ukipata," neno ambalo Tanga nimelisikia kwa masikio yangu. Naithamini sana huruma ile. Lakini marehemu alizikwa nayo. Haikuandikwa popote kwenye mauziano.

Tulikuwa na sheria ya kudhibiti pango ya mwaka 1984, ikafutwa mwaka 2005. Siombi irudi yote, wala siombi Serikali impangie mtu bei ya chumba chake. Naomba kanuni moja: anayenunua nyumba yenye wapangaji aichukue pamoja na mikataba yao hadi muda uliolipiwa uishe. Mnunuzi hadhulumiwi, kwa kuwa kodi iliyokwisha kuliwa anaweza kuikata kwenye bei. Tena jambo hili lina haraka. Bomba la mafuta kutoka Hoima linaishia Chongoleani, bandari imepanuliwa, na wenye fedha wanaitazama Tanga kwa jicho jingine. Nyumba za Ngamiani zitauzwa nyingi.

Kwa sasa, unayepanga, usitoe shilingi bila mkataba wa maandishi na risiti. Shauri likifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, karatasi ndiyo itakayokusemea. Na ukiweza kubembeleza ulipe miezi mitatu badala ya sita, bembeleza, maana hasara itakuwa ndogo.

Mkataba mpya wa dada tuliuandika kwa simu, mimi huku yeye kule, na tukaingiza sharti hili: "Endapo nyumba itauzwa, mwenye nyumba atamjulisha mnunuzi kuhusu mkataba huu, na kodi ya miezi isiyokaliwa itarudishwa kabla mpangaji hajahama; sharti hili litawabana pia warithi wake." Mama mwenye nyumba alisomewa mara mbili, akauliza maswali, kisha akatia saini mbele ya mashahidi. Lichukueni mlitumie.